Fedha Zetu Zilikaa Wapi? Historia ya Miaka Kumi, 2015–2025

 Tumefika mwaka wa kumi tukiwa bado tunakaa pamoja chini ya mwembe uleule. Katika kijitabu hiki Katibu ameandika habari za miradi, na mama wa mfuko wa jamii ameandika habari za misiba na wagonjwa. Kwa upande wa uenyekiti tumeombwa tuandike historia ya fedha zenyewe: zilikaa wapi, zilipita njia gani, na ni lini zilikaribia kutuponyoka. Shule yetu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee lugha ya ofisini. Tutaandika kama tunavyosema kikaoni.

Tulianza Machi 2015, akina mama 19 wa kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza. Wengi wetu ni wauza machungwa barabarani, wengine mama lishe, wengine wana vigenge, na wawili ni washonaji. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000 na mtu hakuruhusiwa kununua zaidi ya tano kwa wiki. Mtindo huu hatukuubuni sisi. Ulianzia nchi ya Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ukasambaa Afrika nzima hadi ukafika Visiwani na huku Bara, ambako wengi wanauita vikoba. Sisi tulifundishwa na jirani zetu wa kijiji cha pili, nao walifundishwa na wengine.

Sanduku letu lilikuwa la bati, limechomelewa na fundi wa hapahapa, lina kufuli tatu. Washika funguo walikuwa watatu na hawakutakiwa kuwa ndugu. Mtunza sanduku hakuwa na ufunguo hata mmoja. Sanduku lilifunguliwa mbele ya watu wote, pesa zikahesabiwa kwa sauti, na kila mmoja akaenda nyumbani akijua kilichobaki ndani ni kiasi gani. Mama asiyejua kusoma alikijua kiasi hicho sawasawa na Katibu. Wanachama waliojiunga baadaye, ambao sanduku wamelikuta kama pambo, hawajui raha ya jambo hilo.

Lakini tusilisifu kupita kiasi. Mwezi wa kumi 2016 wezi waliingia usiku nyumbani kwa mtunza sanduku. Walikuwa wanajua siku ya kikao, tena wanajua chumba. Walivunja sanduku kwa shoka, wakachukua 412,000, na mume wake aliyejaribu kuwazuia akakatwa mkono. Mkono ulipona, ila vidole viwili havikunji mpaka leo. Baada ya hapo hakuna mama aliyekubali kulaza sanduku nyumbani kwake, na nani angemlaumu?

Tukafikiria benki. Nauli ya kwenda na kurudi, foleni, na siku nzima ya biashara kupotea, yote hayo tungeyavumilia. Kilichotutisha kilikuja Januari 2018, Benki Kuu ilipozifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha. Moja ya hizo ilikuwa Covenant Bank for Women, benki iliyoanzishwa kwa ajili ya wanawake. Sisi hatukuwa na senti kule, lakini redioni tulisikia kwamba mwenye amana alikuwa na bima ya hadi shilingi 1,500,000 tu. (Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023 kikawa 7,500,000.) Mama mmoja akasimama kikaoni akauliza: "Kama ya wanawake imefungwa, hizo nyingine zitatuonea haya sisi?" Swali halikuwa la haki kwa benki zote, lakini wakati ule lilifunga mjadala.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye simu. Tuseme kweli, aliyeipigania zaidi ni uenyekiti huuhuu unaoandika sasa.

Tulikuwa na sababu. Pesa za simu tulikuwa tumezizoea tangu zamani. Huko Kenya mwaka 2005, M-Pesa ilipojaribiwa mara ya kwanza, ilijaribiwa kwa wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo inayofanya kazi na vikundi kama chetu. Nia ilikuwa watu walipe marejesho kwa simu. Wale watu wakaona faida nyingine, wakaanza kutumiana wao kwa wao. Machi 2007 Safaricom ikaifungua kwa wananchi wote wa Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Kwa hiyo tulijiambia kwamba kitu kilichoanzia kwa wakopaji wa vikundi hakiwezi kutushinda.

Tena kilitusaidia sana. Mwanachama aliyehamia Dar es Salaam kumlea mjukuu aliendelea kununua hisa kila Jumatano bila kupanda basi. Mwaka 2020, corona ilipotutawanya, michango haikukatika. Na yule mwenzetu aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, mtoto amekaa vibaya, pesa za mfuko wa jamii zilimfikia mwenye gari kabla mama mwenyewe hajatolewa ndani. Sanduku lenye funguo tatu lisingeweza. Mtoto huyo anaitwa jina la Mweka Hazina, na sasa ameshaanza shule.

Sasa tueleze tulikosea wapi. Laini haiwezi kusajiliwa kwa jina la mwembe. Tulipokwenda kwa wakala aliuliza kitambulisho cha mtu, na Mweka Hazina alikuwa na kadi ya mpiga kura mkobani. Basi laini ikaandikwa jina lake. Hakuna aliyelitilia maanani kwa sababu mama huyu tunamwamini, na mpaka leo tunamwamini. Tulichokuwa tunajiuliza siku zote ni kama ataiba. Hatukujiuliza hata mara moja kama wenye mtandao wanatujua sisi wengine.

Onyo la kwanza lilikuja Januari 2020. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulitangazwa tangu 2019, na mwisho wake ukawekwa 20 Januari 2020. Mweka Hazina wetu hakuwa amepata namba ya kitambulisho cha taifa. Alikwenda, akarudishwa, akaambiwa asubiri, nasi tukazembea kumsukuma. Laini ikazimwa na pesa zetu ndani, mwezi wenyewe ni ule wa sare na madaftari. Zilipita wiki tatu kabla hajasajiliwa upya. Akina mama walikopa kwa watu binafsi kwa riba ambayo hatuoni haja ya kuiandika hapa. Kosa lile lilikuwa letu, hatumlaumu mtu. Lakini tulilichukulia kuwa ajali, tukalisahau.

Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni yenyewe. Kikao kile kilikuwa kirefu. Tulipiga hesabu tukaona mama wa hisa moja atakatwa akituma na kikundi kitakatwa kikitoa. Kwa miezi kadhaa tulirudi kwenye sanduku, tukilihamisha nyumba hadi nyumba kama kuku anayehamisha vifaranga. Tozo ikapunguzwa mwaka huohuo, na tena 2022, nasi tukarudi kwenye simu. Hapo tulijifunza kwamba bei ya njia hii hatuipangi sisi, na inaweza kubadilika tukiwa katikati ya mzunguko.

Matapeli nao hawakutuacha. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulimkuta mwanachama akiwa anajiandaa kweli kutuma marejesho, akatuma 60,000 kwa mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo Mweka Hazina akawa mkali. Namba ngeni ikipiga hapokei, na mtu akisema amekosea kutuma pesa, anamkatia. Tulimpongeza kwa hilo kwenye kikao, imeandikwa kwenye daftari la mihtasari.

Tunafika Desemba 2022.

Wakati huo tulikuwa wanachama 34. Mgao ulipangwa Jumamosi ya tarehe 17. Marejesho ya mwisho yalikuwa yanaingia, na kwenye laini zilikuwa zimefika shilingi 6,400,000. Alhamisi mtu mmoja, hatumjui mpaka leo, alikosea tarakimu akaingiza 180,000 kwenye laini yetu. Alipiga simu. Mweka Hazina akamkatia kama tulivyomfundisha. Akapiga tena, akakatiwa. Basi yule bwana akafanya lililo sahihi, akatoa taarifa kwa kampuni. Kampuni ikampigia Mweka Hazina kumuuliza. Naye, akidhani ni walewale matapeli wamekuja kwa sura nyingine, akawakatia na hao. Ijumaa jioni alipotaka kuangalia salio, laini ikamjibu kwamba huduma imesimamishwa.

Asubuhi ya mgao akina mama walikuja na vitenge vipya. Mapishi yalikuwa jikoni. Ilibidi tusimame mbele yao tueleze kwamba pesa zipo lakini hazitoki. Wazee wetu walituangalia tu. Mmoja alisema, "Mwenyekiti, zipo wapi?" Tulinyanyua simu tukamwonyesha. Hatutaisahau aibu ya kunyanyua kile kisimu.

Jumatatu tulikwenda Tanga mjini watu saba, tumebeba katiba ya kikundi, daftari la hisa, mihtasari na muhuri. Kijana wa pale dukani alikuwa na adabu, tusimsingizie. Alituuliza: "Mwenye laini ni nani?" Mweka Hazina akajitokeza. Akasema, "Basi huyu mama aingie, ninyi wengine mkae hapo nje." Tukasema pesa ni za watu 34. Akajibu kwamba yeye kwenye mashine anaona jina moja tu, na malalamiko yanachunguzwa makao makuu. Daftari letu hakulifungua. Hakukosea, maana kwa utaratibu wake daftari lile halikuwa na maana yoyote. Miaka minne tulikuwa tunaweka akiba kwa jina la mtu mmoja, na siku ya taabu tukajikuta sisi ni wasindikizaji wake.

Laini ilifunguliwa Jumatano, tarehe 28. Hazikupungua hata shilingi, ila ile 180,000 ya yule bwana iliyorudishwa kwake kwa haki. Hapakuwa na mwizi. Hilo ndilo lililotusumbua wengi kulielewa, kwa sababu tulijenga ulinzi wetu wote dhidi ya wezi. Kampuni ilifuata kanuni zake, yule bwana alidai chake, Mweka Hazina alitii maagizo ya kikao. Wote walikuwa sawa, na sisi tukakaa siku 11 bila pesa zetu.

Siku 11 kwa mwenye mshahara ni kitu kidogo. Kwetu kuna mwenzetu mmoja, mjane, aliyekuwa ameweka rehani michungwa yake kumi na miwili. Makubaliano yalikuwa kwamba akilipa kabla ya tarehe 24 Desemba anarudishiwa miti, akipitisha hapo mavuno ya msimu unaofuata ni ya mkopeshaji. Alikuwa na hisa za kutosha kulipa lile deni na chenji ikabaki. Tulikwenda kumwombea muda. Mkopeshaji alitukaribisha chai, akatusikiliza, akasema maandishi ni maandishi. Msimu ule mama yetu alipita kila siku kando ya miti yake akiangalia machungwa yakichumwa na vibarua wa mtu mwingine, kisha akaenda kununua ya kuuza kwa bei ya jumla kama mgeni.

Baada ya hapo tulitaka kuelewa tulikuwa tumetegemea kitu gani. Tulimwita afisa maendeleo ya jamii akatueleza kwa utulivu. Pesa za simu si noti zilizolala ndani ya simu. Ukiweka kwa wakala, zile noti zinabaki kwake, na wewe unapewa tarakimu. Fedha zinazolingana na tarakimu hizo hutunzwa benki kwenye akaunti ya udhamini, mbali na fedha za kampuni, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Kwa hiyo si rahisi kampuni ile pesa zako. Lakini kuzifikia kunapitia mkononi mwake: mtambo uwe unafanya kazi, laini iwe wazi, wakala awe na fedha taslimu, na jina liwe lako. Kimoja kikikosekana unasubiri. Mama mmoja akamalizia kwa kusema ni kama maji ya bomba: ni yako ukishakinga, kabla ya hapo koki si yako. Tulicheka, lakini tuliandika.

Mjadala wa Januari na Februari 2023 ulikuwa mkali, na umeacha makovu. Wazee walitaka sanduku lirudi na simu zitupwe. Vijana walisema tunataka kurudi gizani, tena wakauliza nani atalala na sanduku. Wanachama wawili walijitoa na kuchukua hisa zao. Tulimkumbuka yule baba wa vidole viwili, tukamkumbuka na mtoto aliyezaliwa usiku. Hatukuona njia isiyo na hatari, kwa hiyo tukaanza kuuliza swali jingine: njia hii ikifungwa kesho asubuhi, tutakula nini wiki mbili?

Tulikisajili kikundi kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka. Hilo tungelifanya mapema zaidi, tulikuwa tunaogopa makaratasi bure. Kwa cheti kile tulifungua akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini watatu. Upande wa simu tulihamia kwenye huduma ya vikundi, ambayo pesa hazitoki mpaka viongozi watatu waidhinishe kila mmoja kwa simu yake. Zile kufuli tatu za bati, kumbe zilikuwa na akili. Sanduku nalo limerudi, likiwa na pesa za mfuko wa jamii peke yake, kiasi ambacho hata likiibiwa hatuvunjiki. Tumekubaliana pia kwamba akiba isizidi nusu mahali pamoja, na kwamba pesa za mgao zitolewe kwenye simu wiki mbili kabla, zikae benki. Makato yanaongezeka kwa kuzihamisha hivyo. Kila mwaka kuna mtu analalamika juu ya makato hayo, na ana haki ya kulalamika.

Daftari halikuachwa. Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukasumbua nchi nzima, vijana waliokuwa wanatushawishi tuweke hesabu zote kwenye simu walikaa kimya kikao kizima. Tuliwaonea huruma, tukawapa chai.

Jambo moja hatujalimaliza, na tunaona ni vema lisomwe na wafadhili wetu pia. Mama yetu wa michungwa hakulipwa na kampuni, wala hakudai. Alidai kwetu. Alisema aliweka akiba kwenye kikundi, hakuiweka kwenye mtandao, na kikundi ndicho kilichochagua njia. Wengine walisema ile ni bahati mbaya, na kila mmoja alikubali simu kwa kunyoosha mkono. Ni kweli mikono ilinyooshwa. Lakini waliotoa hoja ni viongozi, na sisi ndio tuliosema haina hatari. Kikao kilikadiria hasara ya mavuno yale kuwa 540,000 na kikaamua alipwe nusu kutoka kwenye faida. Alimaliza kulipwa nusu hiyo Novemba 2024. Nusu nyingine iko kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka huu, kipengele cha nne. Uenyekiti utapendekeza alipwe yote, na kwamba viongozi wa mwaka 2022 wachangie kwanza kutoka kwenye hisa zao kabla ya kugusa za wengine. Mweka Hazina ameshakubali. Hajakosa kikao tangu siku ile ya Tanga, na namba ngeni ikimpigia siku hizi anapokea, anamwambia mtu asubiri, kisha anatuita wote tuje kusikiliza.